Kabla, Ndani au Baada: Maski na Filta katika Mti wa Nodi



Nimeombwa nizungumzie maski, na najua wengi wenu mnazishika kila siku. Anayehariri video za harusi anazijua, anayetengeneza matangazo anazijua, na aliyewahi kumweka mtangazaji mbele ya ramani ya hali ya hewa anazijua zaidi. Kwa hiyo sitawafundisha kuchora duara juu ya uso wa mtu. Nina neno moja tu, nalo nitalizunguka leo mpaka mnichoke: ukichomeka maski kwenye nodi ya filta, yaani kisanduku cha hatua moja ya kazi kilichounganishwa na vingine kwa waya, filta yenyewe haina habari nayo. Inachakata picha yote, kona hadi kona. Maski huingia kazi ikishakwisha, ikaamua kiasi gani cha kazi hiyo kionekane na wapi. Ule utando wa rangi unaozunguka kichwa cha mtu aliyetengwa na mandharinyuma, na zile taa zenye kiini kikali katikati ya ukungu, chanzo chake mara nyingi ni kutolijua hilo.

Fundi wa kupaka rangi magari hubandika magazeti na selotepu kwenye vioo na taa, ndipo anapopuliza rangi. Penye gazeti rangi haifiki. Watu wengi wanadhani maski ya kompyuta ni gazeti lile, na hapo ndipo wanapopotea. Kompyuta inafanya kazi kama fundi mwenye magari mawili yanayofanana: moja analiacha kama lilivyo, la pili analipulizia lote, vioo, taa na matairi pamoja, kisha anaunda gari la tatu kwa kuchukua kila nukta ama kutoka gari la kwanza, ama la pili, ama mchanganyiko wa yote mawili. Maski ndiyo karatasi ya maagizo ya mchanganyiko huo.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukua thamani ya pikseli iliyotoka kwenye filta, uizidishe kwa maski. Chukua thamani ya pikseli ya asili, uizidishe kwa moja kutoa maski. Jumlisha. Pikseli ya asili ikiwa 0.8, filta ikaishusha hadi 0.4, na maski mahali hapo ikiwa 0.25, utapata 0.1 ukijumlisha na 0.6, yaani 0.7. Penye maski ya 0, picha ya asili imebaki yote. Penye 1, filta imeshinda yote. Na katikati kuna kijivu, ambacho ndicho kitakachotushughulisha.

Katika programu ya Nuke waya wa maski unaingia ubavuni mwa nodi. Katika Fusion kuna mdomo wa buluu kwa ajili yake karibu kwenye kila nodi. Katika Blender nodi nyingi za rangi zina tundu la kipimo cha kuchanganya, lakini nodi ya ukungu haina, hivyo unalazimika kuweka nodi ya kuchanganya mwenyewe: waya mmoja kutoka picha ya asili, mmoja kutoka ukungu, mmoja kutoka maski. Wanafunzi hulalamika kwamba huo ni usumbufu. Mimi naona ni heri, kwa sababu anayeanza na Blender anaiona hesabu kwa macho yake, na wa Nuke anafichwa.

Haja ya maski ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1898 Georges Méliès, Mfaransa aliyekuwa mwanamazingaombwe kabla ya kuwa mtengeneza filamu, alionekana katika filamu fupi akijitoa kichwa na kukiweka mezani, mara tatu, vichwa vikaanza kuzungumza naye. Siri ilikuwa weusi. Sehemu nyeusi ya mandhari haikuichoma filamu, kwa hiyo aliweza kuirudisha nyuma ndani ya kamera na kupiga tena juu yake. Mwaka 1903, katika The Great Train Robbery, Edwin Porter alipitisha treni nje ya dirisha la ofisi ya simu za maandishi kwa njia hiyohiyo ya kupiga filamu mara mbili. Mwaka 1918 Frank Williams alipata hati miliki ya Marekani ya maski inayosafiri, yaani inayobadilika umbo kila fremu kumfuata mchezaji anayetembea. Huku kwetu, Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akiunganisha picha kwa mkono katika studio yake miaka mingi kabla ya kompyuta kukifikia kisiwa kile, na anayedhani ufundi huu umeletwa na simu akazitazame picha zake.

Huwezi kupita hapa bila kumtaja Petro Vlahos. Ni yeye aliyebuni mbinu ya skrini ya buluu iliyotumika katika Ben-Hur ya 1959, ambayo iliweza kuokoa nywele, moshi na glasi, vitu ambavyo maski za zamani zilivikata kwa ukatili. Kwa Mary Poppins ya 1964 njia ilikuwa nyingine kabisa. Wachezaji walisimama mbele ya skrini nyeupe iliyomulikwa na taa za mvuke wa sodiamu, ambazo hutoa njano ya aina moja tu, nyembamba sana. Ndani ya kamera kulikuwa na mche wa kioo ulioigawa nuru njia mbili: filamu moja ikapata picha ya rangi isiyo na njano ile, nyingine ikapata njano ile peke yake. Filamu ya pili ndiyo maski, imezaliwa pamoja na picha kwa sekunde ileile. Shungi la kofia ya Mary Poppins lilitoka safi kiasi kwamba wataalamu wa leo bado wanaizungumzia kazi ile kwa wivu.

Hata hivyo maski ya filamu ilikuwa kitu cha kushikika, chenye kusinyaa na kutikisika. Katika The Empire Strikes Back ya 1980, vyombo vya vita vilipita mbele ya theluji nyeupe, na kwenye kingo zake ukabaki mstari mweusi, maana maski haikulingana na picha kwa unywele. Filamu hiyo ilipotolewa upya mwaka 1997, picha zile ziliunganishwa tena kwa kompyuta na mistari ikaondoka.

Kompyuta ilileta nini hasa? Ilileta kijivu cha kuaminika. Mwaka 1977 Ed Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa New York Institute of Technology, waliamua kwamba mbali na nyekundu, kijani na buluu, kila pikseli ibebe namba ya nne ya kusema imejaa kiasi gani. Wakaiita alfa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakachapisha hesabu kamili ya kuunganisha picha zenye namba hiyo, na mwaka 1996 wote wanne wakatunukiwa na Academy ya Hollywood. Tangu hapo maski si mkasi tena. Ni picha kamili, ambayo nayo unaweza kuitia ukungu, kuinenepesha, kuipunguza, kuizidisha kwa nyingine. Katika programu ya nodi jambo hili liko wazi kabisa: maski ni waya kama waya mwingine wowote.

Kuhusu programu zenyewe nitapita haraka. Nuke ilizaliwa ndani ya Digital Domain kule California miaka ya 1990, na tangu 2007 iko mikononi mwa Foundry ya London. Fusion ilinunuliwa na Blackmagic Design ya Australia mwaka 2014, na mwaka 2018 ikatiwa ndani ya DaVinci Resolve, yenye toleo la bure. Blender ilipata nodi za kuunganisha picha mwaka 2006, enzi za filamu fupi ya Elephants Dream, na chombo cha kuchora maski kikaongezwa 2012 walipotengeneza Tears of Steel. Natron, nayo ya bure, ilitoka kwenye taasisi ya utafiti ya INRIA, Ufaransa. Kijana wa Mbeya au Kisumu mwenye kompyuta ya wastani hana tena kisingizio cha bei.

Sasa tuingie kazini. Chukueni picha moja: mwimbaji wa taarabu yuko jukwaani usiku, amevaa gauni jekundu la vimetameta. Nyuma yake ukuta mweupe unakwenda mbali kwa mshazari, na juu yake zimetundikwa nyuzi za balbu ndogo. Mwenye kazi anataka mambo matatu. Gauni limepauka kwenye kamera, lirudishiwe wekundu wake. Ukuta uingie ukungu taratibu kadiri unavyokwenda mbali, ili jicho libaki kwa mwimbaji. Na balbu zing'ae.

Gauni ni kazi nyepesi. Filta ya rangi inapobadilisha pikseli haiulizi jirani yake ni nani. Inaitazama namba moja, inatoa namba moja. Kwa filta za namna hiyo, maski ya baada inatosha. Chora umbo la gauni, lainisha ukingo pikseli 2 au 3, chomeka, endelea na mengine. Tahadhari ni moja tu: ikiwa mwimbaji amekuja kama tabaka lenye alfa, rangi za kingo zake zimekwisha kuzidishwa kwa alfa na kufifia, kwa hiyo ukizigusa hivyo hivyo zitapata rangi isiyo yake. Gawanya kwanza kwa alfa, rekebisha rangi, zidisha tena. Nodi za rangi za Nuke zina sehemu ya kufanya hivyo humo humo. Kwingine unaweka nodi mbili, moja kabla na moja baada.

Ukungu ni habari nyingine, kwa sababu filta ya ukungu ina majirani. Ili kupata pikseli moja inakusanya pikseli zote zinazoizunguka na kutoa wastani. Mwanafunzi atatengeneza maski ya mteremko, nyeusi ukuta ulipo karibu, nyeupe unapokwenda mbali, ataichomeka kwenye nodi ya ukungu wa pikseli 40, na atategemea ukungu uongezeke kidogo kidogo. Kwenye ukuta mtupu atadhani amefaulu. Lakini aitazame balbu iliyo katikati, mahali ambapo maski ni 0.5. Hesabu yetu inasema nusu ya picha ya asili na nusu ya picha yenye ukungu. Picha ya asili ina balbu kali, ndogo, yenye ukingo. Picha ya ukungu ina doa pana. Matokeo ni balbu kali iliyopungua nguvu, imekaa ndani ya doa lililopungua nguvu: vitu viwili mahali pamoja. Lenzi ya kawaida haitoi picha kama hiyo. Lenzi halisi ingempa doa moja la ukubwa wa wastani. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila atahisi kwamba picha imechezewa.

Hapa maski ya baada haisaidii hata uilainishe vipi. Inatakiwa iingie ndani ya filta, iendeshe upana wa ukungu wenyewe. Penye 0.5, upana uwe pikseli 20, penye 0.25, pikseli 10. Blender ina nodi ya ukungu wa lenzi inayokubali upana unaobadilika kutoka kwenye picha. Fusion ina VariBlur. Nuke ina ZDefocus, ambayo huendeshwa na kina cha picha, yaani umbali wa kila pikseli kutoka kwenye kamera. Maski ni ileile, mteremko ni uleule, ila umeuhamisha waya kutoka tundu moja hadi jingine.

Ziko gharama. Ukungu wa kawaida wa upana mmoja una njia ya mkato: kompyuta inapita picha kwa mlalo, kisha kwa wima. Kwa nusu kipenyo cha pikseli 40, dirisha lina pikseli 81, hivyo inasoma 81 mara mbili, yaani 162, kwa kila pikseli moja inayoitengeneza. Kila pikseli ikiwa na upana wake, mkato ule haufai tena, na dirisha zima lina pikseli 6,561. Ndiyo maana kompyuta ya mkononi inaanza kunguruma. Watu wanaikimbia njia hii kwa sababu hiyo, nami sikubaliani nao. Fanya majaribio kwa picha ndogo, acha kompyuta ifanye kazi usiku.

Bado ukungu una tatizo la pili, ambalo ndilo kubwa. Tumetaka ukuta uwe na ukungu, mwimbaji asiwe nao. Mwanafunzi anachora maski ya mwimbaji, anaigeuza, anaitumia kumkinga. Mwimbaji anatoka mkali, safi. Lakini ukuta unaomzunguka umepata utando mwekundu, kama gauni linatoa joto. Umetoka wapi? Kumbukeni kwamba filta ilichakata picha nzima. Pikseli ya ukuta iliyo karibu na bega la mwimbaji ilipokusanya majirani zake, nusu yao walikuwa gauni. Wekundu umekwisha kuingia ukutani kabla maski haijafika. Maski ilipokuja ilimrudisha mwimbaji mahali pake, ila wekundu uliotoroka nje ya mpaka wake haikuweza kuufuata, kwa kuwa huko nje maski inasema ukungu uonekane wote.

Wengi hujaribu kuiponya hali hii kwa kuinenepesha maski. Wananunua tatizo jipya: sasa kuna ukanda wa ukuta mkali unaomzunguka mwimbaji kama amekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Dawa ni kumwondoa mwimbaji kabla ya ukungu. Ama unajaza pengo lake kwa rangi za ukuta zilizo jirani, na Blender ina nodi ya kujaza ya aina hiyo, ama unatumia hesabu ambayo mimi naipenda zaidi.

Zidisha picha kwa maski iliyogeuzwa, ili mwimbaji awe shimo jeusi tupu. Itie ukungu picha hiyo. Itie ukungu na maski hiyo iliyogeuzwa pia, kwa upana uleule. Kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili. Tuseme ukuta una mwanga wa 0.6, na pikseli moja karibu na bega ina nusu ya majirani zake ukutani na nusu shimoni. Ukungu wa picha utatoa 0.3, maana shimo lilichangia sifuri. Ukungu wa maski utatoa 0.5. Gawanya 0.3 kwa 0.5, umepata 0.6: mwanga wa ukuta halisi, bila tone la wekundu na bila giza la shimo. Ndani kabisa ya shimo, ambako ukungu haukufika, utakuwa unagawanya sifuri kwa sifuri, lakini usijali, mwimbaji atakuja kupafunika. Mweke juu, kazi imekwisha. Hiyo ni maski ya kabla, na tofauti yake na ya baada unaiona hata kwenye simu.

Tumebakiwa na balbu. Mng'ao ni ukungu unaojumlishwa juu ya picha, hivyo nao una majirani. Ukichora maski kuzunguka kila balbu na kuiweka baada ya nodi ya mng'ao, mng'ao utakatika pale maski inapoishia, na ukutani utaona viduara. Tunachotaka ni kuwekea mpaka chanzo, si mtawanyiko. Balbu peke yake ndiyo ing'ae, ila nuru yake iende itakakofika. Kwa hiyo maski inatangulia: zidisha picha kwa maski ibaki balbu tupu katika giza, tia ukungu, jumlisha kwenye picha. Waliobuni Fusion walilijua hili mapema, ndiyo maana nodi yao ya mng'ao ina tundu la pili la maski ya kutangulia, kando ya lile la kawaida. Wengi hawajawahi kuuliza tundu lile ni la nini.

Maski ya balbu hatuichori kwa mkono. Tunaitoa kwenye mwanga wa picha. Kila kilichozidi kiwango fulani kiwe cheupe. Tatizo ni kwamba vimetameta vya gauni navyo vinapiga mwanga kama balbu, na mwimbaji ataanza kuwaka kifuani. Hapo unachukua maski ya mwimbaji tuliyokwisha kuitengeneza, unaigeuza, unaizidisha kwa maski ya mwanga. Kuzidisha maski mbili hubakiza palipo peupe kwa zote. Kuchukua iliyo kubwa kati ya mbili huziunganisha. Kwa hayo mawili na kugeuza, unaweza kujenga karibu umbo lolote, na ukiwa na maski moja nzuri ya mwimbaji itakutumikia kwenye nodi kumi. Huu ndio utajiri wa nodi: maski inachorwa mahali pamoja, ikirekebishwa pale imerekebika kote.

Kuchora kwenyewe nisemee kidogo. Max Fleischer alipata hati miliki ya rotoskopu mwaka 1917, na kazi ya kufuatisha mtu fremu kwa fremu haijawahi kuwa tamu tangu siku ile. Usimchore mwimbaji kwa mstari mmoja mrefu. Mgawe: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kila kipande na umbo lake lenye nukta chache. Ukingo usiotulia husumbua jicho kuliko ukingo uliokosea kidogo lakini umetulia.

Kuna mitego miwili ya kijivu ambayo haina budi kusemwa. Wa kwanza: ukiikata picha vipande viwili kwa maski na kinyume chake, kisha ukaweka kipande kimoja juu ya kingine kwa nodi ya kawaida ya kufunika, utaona mshono mweusi. Mahali maski ni 0.5, kipande cha juu kimejaza nusu, cha chini kimejaza nusu ya nusu iliyobaki, jumla 0.75. Robo imepotea. Vipande vya namna hiyo hujumlishwa, havifunikani. Wa pili: maski iliyohifadhiwa kama picha ya kawaida na kufunguliwa kama picha ya kawaida. Programu inadhani ni rangi, inainyoosha kutoka kipimo cha skrini kwenda kipimo cha nuru, na kijivu chako cha 0.5 kinageuka 0.214. Maski inaonekana imekonda, unainenepesha, unapoteza siku. Iambie programu kwamba hiyo ni data, si rangi. Vivyo hivyo kwa picha ya kina inayotoka kwenye programu za 3D: usiitie ukungu ili kulainisha kingo zake, kwa sababu wastani wa umbali wa mtu na umbali wa ukuta ni umbali ambao hakuna kitu.

Nimebakiza jambo moja, nalo si la urembo. Vyumba vyetu vya habari vinatumia maski kila siku kuficha sura: mtoto aliyedhulumiwa, shahidi, mgonjwa. Humo maski ya baada, ile ya kawaida, inaweza kumdhuru mtu. Turudi kwenye hesabu. Mhariri ameweka mchanganyiko wa 0.9 badala ya 1, ili sura "isiharibike sana". Maana yake asilimia 10 ya uso halisi imo ndani ya picha, na kila mstari wa uso huo umehifadhiwa. Jicho halioni, lakini mtu mwenye programu ya bure anaweza kuipandisha tofauti ya mwanga na kuanza kuuchomoa. Ukingo wa maski uliolainishwa kwa upana mkubwa unafanya vivyo hivyo kwenye masikio, taya na nywele, ambavyo jirani wa mtoto anavitambua bila shida. Na ukungu mwembamba wenyewe si kufuli. Unaweza kurudishwa nyuma kwa sehemu.

Halafu kuna mwendo. Televisheni zetu zinaonyesha fremu 25 kwa sekunde, hivyo mahojiano ya dakika 2 ni fremu 3,000. Mtoto akigeuka ghafla, maski ikachelewa fremu moja tu, sura yake imeonekana kwa sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Zamani ingepita. Leo yupo mtu anayerekodi kwa simu, na anajua kusimamisha video.

Kwa kazi ya aina hii nawaomba msahau yote niliyowasifia kuhusu kijivu. Maski iwe nyeupe kabisa ndani, iwe pana kuliko kichwa, mchanganyiko uwe 1, na badala ya ukungu wekeni rangi moja iliyojaa. Msimpe mteja faili lenye matabaka wala picha ya asili. Mpeni video iliyokwisha kuunganishwa. Kisha, kabla ya kuituma, ipitieni fremu moja moja mpaka mwisho, na apatikane mtu wa pili aipitie tena. Fremu hata moja ikiwa na shaka, habari hiyo isiende hewani jioni hiyo.